Niliomba msaada kwa baruapepe, nikajibiwa mistari miwili

*"Shikamoo mwalimu. Ninasimamia tovuti ya nyumba ya wageni ya mama mkubwa, ipo Raskazone hapa Tanga. Imejengwa kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, na wageni huomba vyumba kwa kujaza fomu. Ijumaa iliyopita, saa 2 usiku, nilisasisha programu-jalizi ya ile fomu, yaani kiongezo kinachoiendesha. Tovuti nzima ikawa ukurasa mweupe wenye sentensi moja tu ya Kiingereza kwamba kuna hitilafu kubwa. Saa 3 nikawaandikia watengenezaji wake. Wapo Ujerumani, na sisi tunaitumia bure. Mada niliandika kwa herufi kubwa: NAOMBA MSAADA WA HARAKA SANA. Niliwasalimu vizuri, nikaeleza nyumba ilivyoanza, nikawauliza namna ya kuongeza memori kwa sababu rafiki yangu alisema tatizo ni memori. Nikaambatisha picha 12 nilizopiga kwa simu, moja ina orodha ya wageni na namba zao, na nikaweka nywila yetu ili waingie wenyewe. Barua ikarudi. Nikapunguza picha, nikatuma tena, na baada ya saa moja nikatuma mara nyingine nikiwanakilia anwani zao zote nane nilizozipata. Jumamosi nikafungua barua niliyowahi kuandikiana nao mwaka jana, nikabadilisha mada, nikatuma humo. Jumatatu wakajibu mistari miwili: toleo lipi, hitilafu inasemaje, umeshajaribu nini? Hata 'habari' hakuna. Kampuni inayotuhifadhia tovuti nayo inasema haioni kitu kwenye kumbukumbu za seva za saa 2 usiku niliyowatajia. Mama mkubwa anasema wazungu wametudharau kwa sababu ya Kiingereza chetu. Leo Jumanne tovuti bado imekufa. Nimekosea wapi? Niwajibu, au niachane nao nitafute fundi?"*

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa wikiendi uliyoipitia.

Kabla ya kuongea lolote kuhusu adabu, kabadilishe nywila ya tovuti. Sasa hivi, kisha urudi kusoma. Sina sababu ya kuwashuku hao Wajerumani, ila baruapepe ikishatoka mkononi mwako huwezi tena kujua nakala zake ziko ngapi. Ipo kwenye folda yako ya zilizotumwa, ipo kwenye seva za pande zote mbili, na ipo kwenye simu ya kila mfanyakazi anayesoma zile anwani nane. Mmoja wao akiibiwa simu miaka miwili ijayo, nywila ya mama mkubwa imo ndani. Mtu wa msaada akihitaji kweli kuingia, mtengenezee akaunti ya muda yenye nywila yake mwenyewe, kisha uifute kazi ikiisha. Na kama nywila hiyohiyo mnaitumia kwenye baruapepe ya nyumba ya wageni au kwenye akaunti ya kampuni inayohifadhi tovuti, badilisha na huko.

Ile picha ya orodha ya wageni nayo imenipa wasiwasi. Wale watu walimpa mama mkubwa majina na namba ili wapate chumba, hawakuzitoa zisafiri hadi Ujerumani kwenye barua ya kuomba ufundi. Tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022, na mwenye nyumba ya wageni anayetunza taarifa za watu anahusika nayo. Waombe waifute. Ni sentensi moja, nitakuonyesha pa kuiweka.

Sasa swali lako. Naliona lina maumivu mawili: unataka kujua ulipokosea, na unataka kujua kama umedharauliwa. Nianze na la pili, maana ndilo litakalokufanya uandike jibu la hasira usiku wa leo.

Sioni dharau. Ulituma Ijumaa saa 3 usiku. Saa hiyo Ujerumani ni saa 2 usiku wakati wao wa kiangazi, au saa 1 usiku wakati wa baridi. Ofisi ilikuwa imefungwa na wikiendi imeanza. Barua zako tatu zilizofika zilitua kwenye chumba kisicho na mtu, na Jumatatu, siku ya kwanza ya kazi, wamejibu. Kwa watu wanaokupa kazi yao bila malipo, hiyo ni haraka. Halafu ile mistari miwili isome tena taratibu. Ina maswali matatu, na mtu anayekudharau hakuulizi swali. Ukifika hospitali ya Bombo asubuhi foleni ikiwa imefika nje, daktari naye huenda akaanza moja kwa moja: inauma wapi, tangu lini, umekunywa dawa gani? Hakuuliza habari za nyumbani, lakini ameshaanza kukutibu.

Nakubali kwamba neno moja la salamu lisingewagharimu kitu. Sisi tumelelewa kupiga hodi hata mlango ukiwa wazi, na mtu akituingilia bila hodi tunaona kitu kimepungua. Kule kwenye kazi za kompyuta wengi wao wameshakubaliana kwamba ufupi ni kumheshimu mwenzako kwa kutomlia muda. Hayo ni malezi mawili tofauti yaliyokutana kwenye barua moja. Wapo pia wenye ukali wa kweli, nimewahi kukutana nao, na hao nisingekushauri uwavumilie. Hawa wako sijawaona wakikukalipia.

Kiingereza nacho tukiweke pembeni. Wajerumani nao wanaandika Kiingereza cha kujifunza, kama wewe. Kinachowashinda watu wa msaada ni barua isiyo na habari, na barua ya namna hiyo inaweza kuandikwa kwa Kiingereza kisicho na doa. Andika kwanza kwa Kiswahili, sentensi fupi, jambo moja kila sentensi. Ndipo uhamishe, wewe mwenyewe au kwa programu ya kutafsiri, kisha usome tena uone kama kila sentensi bado inasema ulichotaka. Ukitumia mafumbo au methali, tafsiri itakuchezea. Na maneno ya hitilafu usiyatafsiri kamwe, yaache kama kompyuta ilivyoyatoa.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukimpelekea baiskeli fundi wa Ngamiani unaweza kumwambia "imeharibika" na ukakaa pembeni. Atainyanyua, atazungusha kanyagio, atasikia mnyororo unaruka, atajua. Baiskeli imezungumza kwa niaba yako. Sasa fikiria fundi huyo yuko Ujerumani na baiskeli imebaki Raskazone. Njia pekee aliyonayo ni kuchukua baiskeli nyingine, kuiharibu kwa namna ileile yako, ndipo aone anarekebisha nini. Hivyo ndivyo msanidi programu anavyofanya kazi. Ni vigumu kwake kurekebisha hitilafu ambayo hajaitokeza kwenye kompyuta yake. Ili aitokeze anahitaji kujua WordPress yako ni toleo lipi, programu-jalizi ilikuwa toleo lipi ikawa lipi, seva inaendesha PHP (lugha ya programu iliyoandikiwa WordPress) ya namba ngapi, kuna programu-jalizi nyingine zipi, na ulibonyeza nini kabla ya kila kitu kuzima. Kimoja kikikosekana, kwake inaweza kufanya kazi vizuri kabisa na asione shida yoyote. Ndiyo maana swali lao la kwanza lilikuwa "toleo lipi".

Ukilielewa hilo, mengine yote niliyonayo ni matawi yake.

Chukua hiyo memori. Rafiki yako alikisia, wewe ukalipeleka kisio kama swali, na tatizo lenyewe likabaki limefichwa nyuma yake. Msomaji mwaminifu angekufundisha kuongeza memori, ungeongeza, na tovuti ingebaki nyeupe. Eleza kwanza ulichokiona, kisha kisio lako liweke mwishoni na uliite kisio. Na kwa bahati, hili la memori linapimika: PHP ikiishiwa na memori huwa inasema wazi kwenye kumbukumbu, kwa maneno kama "Allowed memory size of 134217728 bytes exhausted". Hiyo namba ndefu ni MB 128, kikomo chenyewe. Usipoyaona maneno hayo, rafiki yako huenda amekosea.

Mada yako ilisema una haraka, haikusema una nini. Anayefungua kikasha asubuhi huona mistari arobaini ya mada na kuchagua aanze na ipi, na mara nyingi huanza na anayoweza kuimaliza. "Hitilafu kubwa baada ya kusasisha fomu kutoka 3.1 hadi 3.2, WordPress 6, PHP 7.4" inamwambia kabla hajafungua kama ni kazi yake au ya mwenzake. Namba hizo ni za mfano, weka zako. Kuhusu herufi kubwa, huku mtandaoni zinasomwa kama kelele, na si jambo la jana: mwaka 1995 Sally Hambridge wa kampuni ya Intel aliandika mwongozo wa adabu za intaneti, akaonya humo kwamba herufi kubwa tupu zinaonekana kama kupiga kelele. Mwongozo huohuo unashauri jibu la hasira lilale usiku mmoja kabla ya kutumwa. Nakuomba usiku wa leo uuzingatie.

Salamu zako ndefu na historia ya nyumba ya wageni zimetokana na malezi mema, na sitaki uzione kama aibu. Ila zilichukua aya tatu za mwanzo, na msomaji aliyechoka alifika kwenye tatizo akiwa ameshapunguza umakini. Salamu moja ya kweli inatosha, shukrani moja mwishoni inatosha. Upole wako mwingine wote umimine kwenye kumpunguzia kazi. Mtu usiyemjua, aliye mbali, ataupima utu wako kwa muda uliomwokolea.

Kunakilia anwani nane kulikupunguzia nafasi ya kujibiwa. Kila mmoja wa wale wanane aliona majina ya wenzake saba na akaweza kudhani kuna mwingine atakayeshughulika. Ofisi nyingi za msaada pia zina mfumo unaoipa kila baruapepe mpya namba yake ya kesi, hivyo huenda ulijifungulia kesi kadhaa za jambo moja, na mtu ilimbidi akae aziunganishe kabla ya kukusoma. Kuna mifumo inayopanga foleni kwa kuangalia barua ya mwisho ya mteja, kwa hiyo kila ukikumbushia unajirudisha nyuma mwenyewe. Tuma mara moja, kwa anwani moja iliyotajwa kwa ajili ya msaada. Subiri siku mbili za kazi, zisizohesabu Jumamosi na Jumapili, ndipo ukumbushie mstari mmoja chini ya barua ileile.

Lile la Jumamosi, la kufungua barua ya mwaka jana na kubadilisha mada, watu wengi wanalifanya bila kujua linavyofanya kazi ndani. Kila baruapepe huzaliwa na namba yake ya utambulisho, isiyoonekana kwenye skrini. Ukibonyeza Jibu, barua yako mpya hubeba namba ya ile unayoijibu, na kwa namba hizo programu za upande wa pili zinaweza kuzifunga barua pamoja kama shanga kwenye uzi. Ukifuta maneno ya mada ukaandika mengine, namba haifutiki. Kwa macho yako ulikuwa umeandika barua mpya, lakini kwao inaweza kuwa imeingia chini ya shauri la mwaka jana lililokwisha kufungwa. Kanuni ni rahisi: jambo jipya, barua mpya tupu, jambo lilelile, jibu kwenye barua ileile.

Barua ya kwanza ilirudi kwa sababu ya uzito. Baruapepe ilibuniwa kubeba maandishi, kwa hiyo picha hugeuzwa kwanza kuwa herufi ndipo isafiri, na kila baiti 3 za picha huwa herufi 4. Picha 12 za MB 2 kila moja ni MB 24, lakini zikishageuzwa zinafika MB 32. Gmail, kwa mfano, hukomea MB 25. Uzito wenyewe si tatizo kubwa kuliko yote, kubwa ni kwamba ulipiga picha skrini ya kompyuta kwa simu. Maandishi yaliyomo ndani ya picha msomaji hawezi kuyanakili na kuyatafuta kwenye msimbo wake. Itambidi akodoe macho ayaandike upya herufi kwa herufi, akikosea moja hapati kitu. Chagua maandishi, nakili, bandika ndani ya barua. Picha ya skrini itumie pale tu tatizo ni la kuonekana, kama kitufe kilichohama au rangi iliyopotea, na kabla ya kuituma ikate ibaki sehemu inayohusika.

Na saa. Hili ndilo lililoniuma zaidi nilipokuwa nakusoma, maana ni kosa letu sisi waswahili kwa ujumla na hakuna anayetuonya. Ulisema saa 2 usiku, ukaihamishia kwenye Kiingereza kama ilivyo, na kule ikasomeka saa mbili baada ya usiku wa manane, ambayo sisi tungeiita saa 8 usiku. Kampuni ya kuhifadhi tovuti ikatafuta kwenye saa hiyo na haikuona kitu, kwa haki kabisa. Ulichomaanisha ni 20:00. Tena haikuishia hapo: kumbukumbu za hitilafu za WordPress zenyewe huandikwa kwa saa ya dunia, UTC, na sisi tuko mbele yake kwa saa 3 mwaka mzima. Kwa hiyo tukio lako la Ijumaa litakuwa limeandikwa karibu na 17:00. Ukiandika kwa watu wa mbali andika hivi: "Ijumaa, 20:00 saa za Tanzania, UTC+3", pamoja na tarehe. Waandikie watu wa kampuni hiyo leo mstari huo mmoja tu. Huenda jibu lako limekaa kwao tangu Ijumaa.

Sasa tuiamshe tovuti, maana kila siku ikilala mama mkubwa anapoteza wageni, na hupaswi kumsubiri Mjerumani kwa hilo. Ingia kwenye akaunti ya kampuni inayohifadhi tovuti, fungua kidhibiti cha mafaili, chukua kwanza nakala ya tahadhari ya tovuti nzima. Kisha nenda wp-content, ndani yake plugins, tafuta folda ya ile programu-jalizi ya fomu na uibadilishe jina, uiongezee hata neno "zamani" mwishoni. WordPress ikiitafuta isiione, itaizima. Kama hitilafu ni ya programu-jalizi hiyo, tovuti itarudi bila fomu. Weka kwa muda namba ya simu ya nyumba ya wageni mahali pa fomu, maisha yaendelee. Kama haikurudi, umejifunza jambo kubwa kwamba chanzo kiko kwingine, na hilo nalo uliandike kwenye barua.

Halafu muulize mama mkubwa kama anwani ya msimamizi wa tovuti ni yake. Tangu toleo 5.2 la mwaka 2019, WordPress ikipata hitilafu ya namna hii inajaribu kumtumia msimamizi baruapepe ikimweleza programu-jalizi iliyosababisha na maneno ya hitilafu, na kwa matoleo ya sasa inataja pia namba za WordPress na PHP. Kiungo cha kuingilia kilichomo humo huisha muda baada ya siku 1, kwa hiyo cha Ijumaa kimeshakufa, lakini maelezo yake bado yanafaa. Angalia na kwenye folda ya barua taka. Inawezekana kabisa majibu ya maswali yale matatu yamelala kwenye simu ya mama mkubwa.

Usipoikuta, fungua faili la wp-config.php, uwashe swichi za kurekodi hitilafu, WP_DEBUG na WP_DEBUG_LOG, na uzime WP_DEBUG_DISPLAY ili wageni wasione. Rudisha jina la folda kwa dakika moja, iwashe tena programu-jalizi hiyo, itokeze hitilafu, kisha usome faili la debug.log ndani ya wp-content. Mistari ya mwisho ndiyo unayoitaka. Ipitie kwa macho kabla ya kuituma, kwa sababu wakati mwingine ina mambo ya ndani yasiyowahusu. Ukimaliza zima vyote na ulifute faili hilo.

Sasa uwajibu. Bonyeza Jibu kwenye barua yao ya Jumatatu, usianze nyingine. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi:

"Habari za kazi. Asanteni kwa kunijibu. Niliwatumia barua kadhaa wikiendi kuhusu jambo hili moja, samahani kwa usumbufu, tafadhali zifungeni tubaki na hii. Naomba pia mfute picha ya orodha ya wageni, niliituma kwa makosa.

Ijumaa, 20:00 saa za Tanzania (UTC+3), nilisasisha programu-jalizi ya fomu kutoka toleo 3.1 hadi 3.2. Nilitarajia fomu iendelee kama kawaida. Badala yake tovuti nzima, pamoja na ukurasa wa msimamizi, ilionyesha ujumbe wa hitilafu kubwa. Tunatumia WordPress 6 na PHP 7.4. Kumbukumbu inasema hivi: (hapa bandika mistari yenyewe).

Nimebadilisha jina la folda ya programu-jalizi na tovuti imerudi. Nikiirudisha, hitilafu inarudi. Sijajaribu kuzima programu-jalizi nyingine. Ninakisia kwamba toleo 3.2 linahitaji PHP mpya kuliko yetu. Je, ndivyo? Kama ndivyo, naweza kubaki na 3.1 kwa usalama hadi tubadilishe PHP?

Tovuti inafanya kazi bila fomu, kwa hiyo naweza kusubiri. Asanteni."

Ile sentensi ya "sijajaribu" usiione kama kukiri uvivu. Inamwokoa msomaji asidhani, na inampa hatua ya pili ya kukuelekeza. Na sentensi ya "naweza kusubiri" iandike tu ikiwa ni kweli. Watu wa msaada hukumbuka mteja aliyewahi kusema hana haraka, na siku akisema anayo, wanamwamini.

Kuhusu kuachana nao, pima hivi. Programu-jalizi ya bure, kama WordPress yenyewe, huja kwa leseni isiyotoa dhamana yoyote. Wakikusaidia ni hisani, na hisani huombwa. Kampuni inayohifadhi tovuti mnailipa kila mwaka. Pale una haki ya kudai, kwa upole lakini kwa uthabiti: taja namba ya akaunti, taja mkataba unasema nini kuhusu msaada, na wakikaa kimya piga simu. Naona wewe uliweka nguvu zako zote kwa wanaokupa bure na ukaridhika haraka na jibu la unaowalipa. Kununua toleo la kulipia la fomu hiyo kunaweza kukupa haki ya kujibiwa ndani ya muda fulani, na kwa nyumba inayoishi kwa maombi ya vyumba huenda pesa hiyo ikarudi. Lakini hata huko, barua mbovu itapata jibu la kuuliza toleo lipi.

Fundi wa hapa mjini anafaa kuliko barua katika hali kadhaa. Kama huna kabisa njia ya kuingia kwenye akaunti ya kuhifadhi tovuti kwa sababu aliyeijenga aliondoka nayo, hilo ni la kukaa meza moja na watu. Kama kompyuta yenyewe inagonga, inanuka kuungua au diski yake inatoa sauti, izime na uipeleke, usiandikie mtu. Na ukiona dalili za kuingiliwa, yaani wasimamizi usiowajua kwenye orodha, kurasa za kamari au dawa ambazo hukuziandika, au wageni wanaoombwa pesa na mtu mwingine kwa jina la nyumba yenu, usitengeneze kimyakimya. Ijulishe kampuni inayohifadhi tovuti siku hiyohiyo, hifadhi kumbukumbu zote kabla ya kufuta chochote, na kama pesa au taarifa za wageni zimeguswa nenda polisi, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu mambo hayo. Ukichagua fundi, ukae naye akifanya kazi, uandike alichobadilisha, na akaunti uliyompa uifute akiondoka. Ukimwendea na ile barua niliyokuandikia ikiwa imejazwa, atafanya kwa saa moja kazi ambayo ingemchukua nusu siku.

Mimi kwa tovuti yako ningewajibu Wajerumani kwanza. Wameshafungua mlango, na swali lao ni rahisi kulijibu. Wakikupa dawa ikafanya kazi, warudie kwa mistari miwili tu: ilikuwa nini, na umeitatuaje. Mara nyingi mtu wa upande ule husaidia watu wengi wasiorudi kumwambia kama walipona, na huwa hajui kama alichowashauri kilikuwa sahihi. Kama umegundua ni PHP ya zamani, andika na namba yake, kwa kuwa kuna mwingine atakayekwama palepale.

Nami nijulishe tovuti ikiamka. Ikifika Alhamisi bado imelala, nitumie maneno ya hitilafu, yaliyobandikwa, bila picha.